UZI: Dada, mwambie anayekuandikia vidonge vya uzazi wa mpango kwamba unavuta sigara

Mkunga wa Zamu (mwanzisha uzi)

Wadau, salaam. Nimefanya kazi ya ukunga na uzazi wa mpango kwa miaka mingi, na kuna jambo moja linaniuma kiasi kwamba nimeona lipate uzi wake.

Mwanaume akiulizwa na daktari kama anavuta, hujibu ndiyo bila kupepesa macho. Mwanamke akiulizwa hivyo hivyo hutazama chini, kisha husema hapana. Wengine hawaulizwi kabisa, maana mhudumu ameshaamua moyoni mwake kwamba mama mwenye heshima zake hawezi kuwa mvutaji. Jamii imemfanya mwanamke anayevuta aonekane mhuni, naye amejifunza kuvutia chooni, kutafuna kitu cha kuondoa harufu na kunyamaza. Aibu hiyo haijawahi kumwachisha mtu sigara. Inachofanya ni kumzuia asipate huduma inayomfaa.

Mfano ninaokutana nao mara nyingi ni vidonge vya majira vyenye homoni mbili, estrojeni na projestini. Estrojeni huongeza kidogo uwezekano wa damu kuganda ndani ya mishipa. Moshi wa sigara nao huharibu ukuta wa ndani wa mishipa, hufanya chembe za kugandisha damu zinate zaidi, na hubana mishipa presha ikapanda. Vikikutana mwilini mwa mwanamke ambaye umri umeanza kusogea, hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi inapanda kuliko ambavyo kila kimoja kingeipandisha peke yake.

Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema mwanamke wa miaka 35 na kuendelea anayevuta sigara 15 au zaidi kwa siku asipewe vidonge hivyo kabisa. Akivuta chini ya 15, bado kwa kawaida hatari inazidi faida. Aliye chini ya miaka 35 anaweza kuvitumia, ila mhudumu anatakiwa ajue.

Na wala hakosi njia nyingine. Vipandikizi, sindano, vidonge vya projestini pekee na kitanzi, uvutaji hauvizuii. Kubadilishiwa njia ni mazungumzo ya dakika chache. Anayesema "sivuti" ananyimwa mazungumzo hayo na anapewa pakiti ambayo haikupaswa kuwa yake. Kama umesoma hapa na umejiona, usiache vidonge leo ukabaki bila kinga. Rudi ulikopewa, useme ukweli, ubadilishiwe.

Karibuni tujadili. Kuuliza ruksa, kusimanga marufuku.

---

Jabali la Kusini

Mkuu, nakuheshimu, lakini naona wanawake wanaandamwa. Duniani kote wavutaji wengi ni wanaume. Sigara inaua yeyote, kwa nini uzi uwe wa wanawake?

---

Mkunga wa Zamu

Jabali, swali lako ni la haki. Ni kweli wanaume ndio wengi na ndio wanaokufa wengi. Ila miili haiupokei moshi sawasawa.

Mwaka 2011 jarida la The Lancet lilichapisha uchambuzi wa tafiti nyingi zilizokusanywa pamoja, zenye mamilioni ya watu. Ilionekana kwamba ukimlinganisha mvutaji na asiyevuta wa jinsia yake, ongezeko la hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa mwanamke linazidi la mwanaume kwa takriban asilimia 25. Halafu ini la mwanamke huivunja nikotini haraka kuliko la mwanaume, kwa sababu estrojeni inakichochea kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo. Akiwa anatumia vidonge vya estrojeni huivunja haraka zaidi, na akiwa mjamzito zaidi ya hapo. Nikotini ikiisha upesi mwilini, hamu nayo inarudi upesi. Kwa hiyo dada anayeambiwa "huna nia ya kuacha" huenda anapambana na mwili unaodai mapema kuliko wa kaka yake.

Bado sijagusa kizazi, mimba, maziwa, hedhi wala mifupa. Ndiyo sababu ya uzi.

---

Shuwari

Mimi ni mmoja wa hao unaowasema. Nimevuta tangu chuo. Mume wangu anajua, nyumbani kwetu hawajui, na sijawahi kumwambia daktari yeyote. Tunatafuta mtoto kwa muda sasa. Tumepimwa, hawaoni tatizo kubwa kwangu wala kwake. Naogopa kuuliza, lakini nauliza hapa: inaweza kuwa sigara?

---

Mkunga wa Zamu

Shuwari dada yangu, asante kwa kuandika. Sitakudanganya kwamba nimejua sababu bila kukuona, lakini ndiyo, inaweza kuchangia.

Mwanamke huzaliwa na akiba yake yote ya mayai, na haiongezwi. Kemikali za moshi hufika kwenye ovari na kuipunguza akiba hiyo mapema. Hii ndiyo sababu wavutaji hufikia ukomo wa hedhi mapema, mara nyingi kwa mwaka mmoja hadi miwili, wengine zaidi. Halafu kuna mirija. Ndani yake mna vinyweleo vidogo mno vinavyolisukuma yai kuelekea kwenye mji wa mimba. Moshi unavilegeza. Yai likichelewa njiani linaweza kujishikiza humo humo kwenye mrija, na mimba ya nje ya kizazi ni dharura inayoweza kuua. Kwa jumla wavutaji huchelewa kushika mimba kuliko wasiovuta, na hata wanaopandikiziwa mimba kwa msaada wa maabara hufanikiwa zaidi wasipovuta.

Na mumeo kama naye anavuta, mbegu zake zinaathirika pia, kwa idadi na kwa mwendo. Msiuache mzigo huu uwe wako peke yako.

Mwambie daktari wenu. Akijua, atapanga mambo tofauti. Kama kuna ndugu huwa anakusindikiza, una haki ya kuomba ubaki na daktari peke yenu. Sema tu, "Naomba tuzungumze faragha." Mhudumu anayejua kazi yake hatauliza kwa nini.

---

Shuwari

Nimelia kidogo, lakini nimeelewa. Asante.

---

Kalamu Nyeusi

Naomba niongeze upande wa historia, kwa sababu watu wanadhani wanawake waliamka tu siku moja wakaanza kuvuta. Walitafutwa.

Mwaka 1929 kampuni ya American Tobacco ilikuwa inataka soko la wanawake, kwa kuwa Marekani ya wakati ule mwanamke kuvuta hadharani ilikuwa aibu. Ikamtumia mtaalamu wa propaganda, Edward Bernays. Sikukuu ya Pasaka mwaka huo alipanga mabinti wawashe sigara katikati ya maandamano ya barabara ya Fifth Avenue, New York, na waandishi wa habari wakapewa jina tayari la kuandika: mienge ya uhuru. Madai ya kweli ya wanawake kutaka haki sawa yakageuzwa kuwa tangazo. Wakati huo huo kampuni hiyo hiyo ilikuwa inawahimiza wanawake wachukue sigara ya Lucky Strike badala ya kitu kitamu, maana yake wasinenepe. Mwaka 1968 Philip Morris wakaleta Virginia Slims, sigara nyembamba iliyotengenezwa na kutangazwa kwa ajili ya wanawake, ikichanganya yote mawili, uhuru na wembamba.

Sasa angalia kilichofuata. Saratani ya mapafu huchukua miongo kadhaa kujitokeza. Mwaka 1987 nchini Marekani saratani ya mapafu iliipita ya matiti kwa kuua wanawake. Mkuu wa afya ya umma wa nchi hiyo alikuwa ametoa ripoti yake ya kwanza ya uvutaji na afya mwaka 1964, lakini ripoti maalumu kuhusu wanawake ikasubiri hadi 1980. Kwa hiyo mwanamke alitangaziwa kwanza na kuonywa baadaye sana.

Mimi hili linanikasirisha mpaka leo. Tunamsema dada anayevuta kana kwamba alikosa malezi, na waliokaa mezani kupanga namna ya kumnasa hatuwataji.

---

Jabali la Kusini

Kalamu, hilo la 1929 sikulijua. Nimekaa kimya nasoma.

---

Tausi wa Ghorofani

Mimi sigara sivuti, ni shisha tu na wenzangu wikiendi. Ina maji, moshi unachujwa. Na dada yangu anavuta zile nyembamba za mint, moja au mbili kwa siku, si hizo pakiti nzima mnazozizungumzia. Hii inatuhusu kweli?

---

Mkunga wa Zamu

Inawahusu, Tausi, tena sana.

Maji ya shisha yanaupoza moshi. Hayauchuji sumu. Kwa kuwa umepoa, unauvuta kwa kina na kwa muda mrefu bila koo kulalamika. Kikao cha saa moja kinaweza kukuingizia moshi mwingi mara nyingi kuliko sigara moja. Na mkaa unaowaka juu yake unatoa kaboni monoksaidi yake mwenyewe, ndiyo ile kizunguzungu ambacho watu hukiita raha. Kupokezana mdomo wa bomba moja kunaongeza magonjwa ya kuambukiza juu yake.

Kuhusu dada yako: mint inatuliza koo, basi. Na zile zilizouzwa kama sigara nyepesi zilikuwa na vitobo vidogo kwenye kichungio. Mashine ya kupimia ilivuta hewa kupitia vitobo hivyo ikasoma lami, yaani masizi ya kunata ya moshi, kidogo. Binadamu huviziba kwa vidole na midomo, na akikosa nikotini aliyoizoea anavuta kwa nguvu zaidi. Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku, ulioanza kutumika 2005, unazitaka nchi wanachama zizuie maneno ya kupotosha ya namna hiyo kwenye pakiti.

Na "moja au mbili kwa siku" inawadanganya wengi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, uliangalia watu wanaovuta sigara moja tu kwa siku. Ungetarajia wabebe sehemu moja ya ishirini ya hatari ya anayemaliza pakiti. Kwa moyo haikuwa hivyo. Wanawake walibeba karibu theluthi moja ya hatari ya ziada ya yule wa sigara 20. Mishipa ya damu haihitaji moshi mwingi ili iumie.

---

Baba Pacha Mtarajiwa

Wakuu, mke wangu ni mjamzito, mapacha. Yeye hajawahi kuvuta. Mimi navuta, lakini dirishani, moshi naupuliza nje. Mama mkwe kanisema sana. Nataka kusikia kwa mtaalamu, si kwa hasira.

---

Mkunga wa Zamu

Baba Pacha, hongera. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu akina baba wachache huuliza.

Dirisha halitoshi. Moshi unarudi ndani, unakaa kwenye mapazia, nguo na nywele zako. Jambo hili si geni. Mwaka 1981 mtafiti wa Japani, Takeshi Hirayama, alichapisha matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka 14 zaidi ya wake 91,000 ambao wenyewe hawakuvuta. Waliokuwa wameolewa na wavutaji wakubwa walipata saratani ya mapafu zaidi kuliko wenzao ambao waume zao hawakuvuta. Kampuni za tumbaku zilimpinga kwa nguvu, na tafiti za baadaye zikaendelea kumthibitisha. Leo Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba tumbaku inaua zaidi ya watu milioni 7 kwa mwaka, na takriban milioni 1.6 kati yao hawakuvuta, walivuta moshi wa wengine.

Kwenye mimba, tatizo kubwa ni hewa. Kaboni monoksaidi hung'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo inachukua nafasi ya oksijeni kwenye chembe nyekundu. Nikotini nayo inabana mishipa inayopeleka damu kwenye kondo la nyuma. Mtoto analishwa na kupumua kupitia hapo hapo, hana mlango mwingine. Mama anayevuta mwenyewe hujifungua mtoto mwepesi kuliko wa asiyevuta, kwa wastani wa gramu 200 hivi. Anakuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuzaa njiti, wa kondo kukaa chini likaziba njia, wa kondo kubanduka kabla ya wakati, na wa mtoto kufia tumboni. Mke wako hayupo kwenye kiwango hicho, ila moshi wako unamsogeza upande huo. Na mapacha tayari huwa wanawahi na huwa wepesi.

Watoto wakishazaliwa, moshi ndani ya nyumba unaongeza hatari ya kifo cha ghafla cha mtoto usingizini, nimonia na maambukizi ya masikio.

Kwa hiyo ombi langu ni uache sasa. Kuanzia leo, nje kabisa ya nyumba na ya gari, unanawa na kubadilisha nguo ya juu kabla ya kukaa naye. Lakini hilo lichukulie kama hatua ya wiki hii unapotafuta msaada wa kuacha.

---

Baba Pacha Mtarajiwa

Nimesoma mara mbili. Kesho naenda kuuliza kliniki. Nitamsomea mke wangu jibu hili, na mama mkwe pia.

---

Mama Kichanga

Naomba nisihukumiwe. Niliacha nikiwa mjamzito, nikarudia mtoto alipofika miezi miwili, usiku sikuwa nalala. Sasa nimeambiwa niache kunyonyesha kwa sababu maziwa yana sumu. Nilie au nifanye nini?

---

Mkunga wa Zamu

Usiache kunyonyesha, mama. Aliyekwambia hivyo alikosea.

Ni kweli nikotini inaingia kwenye maziwa na inaweza kumfanya mtoto alale vibaya, na inapunguza kiasi cha maziwa. Lakini maziwa yako bado yanamkinga na kuhara na magonjwa ya kifua, na mtoto anayeishi karibu na mvutaji ndiye anayehitaji kinga hiyo zaidi. Ushauri unaokubalika ni uendelee kunyonyesha huku ukisaidiwa kuacha. Ukishindwa leo, nyonyesha kwanza, ndipo uvute nje, baada ya hapo upitishe muda mrefu kadiri uwezavyo kabla ya kumpa tena. Nikotini kwenye maziwa inapungua nusu kwa kama saa moja na nusu hadi mbili. Na usilale naye kitanda kimoja. Alale jirani yako, kwenye kitanda chake.

Kurudia baada ya kujifungua hutokea kwa wengi sana. Hamu iliyokuwa imetulizwa na kichefuchefu na hofu ya mimba inarudi, usingizi hakuna, na wale waliokuwa wanakuhimiza wametawanyika. Mwambie muuguzi wa kliniki ya watoto. Na mwambie pia kama huzuni imekuzidi, maana usiku unaousimulia unanifanya niulize.

---

Mama Kichanga

Imenizidi. Nitasema.

---

Tausi wa Ghorofani

Mama Kichanga nakukumbatia. Mkunga, tuseme mtu anataka kuacha kweli. Dada yangu anaogopa kunenepa, ndiyo sababu yake kubwa.

---

Mkunga wa Zamu

Hofu hiyo naiheshimu, kwa sababu ndiyo iliyotumika kumuuzia. Ni kweli wengi huongezeka, kwa wastani kilo 4 hadi 5 katika mwaka wa kwanza, nyingi zikija miezi mitatu ya mwanzo. Wengine hawaongezeki kabisa. Nikotini ilikuwa inakata hamu ya kula na kuuharakisha mwili, ikiondoka mambo yanarudi yalivyokuwa. Kwa moyo na mapafu, kilo hizo hazikaribii madhara ya kuendelea kuvuta. Ila asianze kujinyima chakula wiki ile ile anayoacha, vita viwili kwa pamoja vinamchosha mtu. Aanze na kutembea kila siku, kunapunguza na hamu ya sigara.

Msaada wa dawa upo: vibandiko na jojo za nikotini, na vidonge vya vareniklini, saitisini na bupropioni. Kwa wanawake, kwa sababu ile niliyomweleza Jabali, kibandiko peke yake mara nyingi hakitoshi, ndiyo maana huongezewa jojo au hupewa vareniklini, ambayo hufanya kazi vizuri kwao. Dawa pamoja na mtu wa kuzungumza naye hushinda kimoja peke yake. Mjamzito asijinunulie chochote. Aanze na ushauri, na nikotini mbadala apewe na daktari akiona inafaa.

Mjamzito mwingine anayesoma hapa: ukiacha mapema, kabla ya wiki ya 15 hivi, uwezekano wa kuzaa njiti au mtoto mdogo unakaribia ule wa asiyevuta. Ukiwa umepita hapo, kila wiki bila moshi bado ni faida kwa mtoto.

---

Bibi wa Wajukuu Saba

Wanangu nimewasoma wote. Mimi nina miaka 57, ugoro nimeutumia ujanani na sigara miaka 30. Hedhi ilikoma nikiwa na 46. Mwaka jana niliteleza kidogo tu, mkono ukavunjika. Je, mtu wa umri wangu kuacha kuna maana, au nimalizie tu?

---

Mkunga wa Zamu

Shikamoo bibi. Kuna maana kubwa.

Uingereza waliwafuatilia wanawake zaidi ya milioni moja, na matokeo ya uvutaji yakachapishwa mwaka 2013. Walioendelea kuvuta walipoteza angalau miaka 10 ya uhai. Walioacha kabla ya miaka 40 waliepuka zaidi ya asilimia 90 ya vifo hivyo vya ziada. Najua utasema 40 imeshapita. Utafiti mwingine wa huko huko, wa madaktari wanaume, uliofuatiliwa na Richard Doll na wenzake kwa miaka 50, ulionyesha kwamba aliyeacha akiwa na 50 aliirudisha miaka kama 6, na wa 60 kama 3. Hatari ya moyo inaanza kushuka mapema. Ndani ya mwaka mmoja ile ya ziada hupungua kwa karibu nusu.

Mkono wako unanishughulisha. Estrojeni ndiyo mlinzi wa mifupa ya mwanamke. Hedhi kukoma mapema, kisha sigara juu yake, kunaifanya mifupa iwe dhaifu, na kuvunjika kwa kuteleza kidogo ni dalili ya hilo. Kinachofuata kwa wengi ni nyonga, na nyonga ni habari nzito. Omba upimwe uimara wa mifupa, uwaambie na sigara na umri wa hedhi kukoma. Vyote viwili, bibi, si kimoja.

Jambo jingine: ulipimwa lini mlango wa kizazi? Saratani hiyo husababishwa na virusi vya papiloma, na wanawake wengi miili yao huviondoa. Uvutaji unadhoofisha kinga pale pale kwenye mlango wa kizazi, mabaki ya tumbaku yameonekana hadi kwenye ute wake, virusi vikakaa muda mrefu zaidi. Ukiona damu yoyote baada ya hedhi kukoma, hata tone, usisubiri miadi.

---

Bibi wa Wajukuu Saba

Marahaba mwanangu. Damu niliiona, mwezi uliopita. Nilidhani ni uzee.

---

Mkunga wa Zamu

Bibi, nenda kesho asubuhi. Mara nyingi inakuwa kitu kidogo kinachotibika, lakini lazima waangalie. Chukua mtu wa kukusindikiza, waambie tangu mapokezi kwamba hedhi ilikoma ukiwa na 46, damu imetoka mwezi uliopita, na umevuta miaka 30. Wajukuu wakubwa mnaomsaidia bibi kuandika hapa, nimeandika na kwa ajili yenu.

---

Bibi wa Wajukuu Saba

Ni mjukuu anaandika. Tumekubaliana saa moja asubuhi tunatoka. Nitarudi kuwaambia.